Diski, Mikanda na Sauti za Waliotutangulia

Katika nyumba nyingi za watu wa rika langu liko kasha, au droo ya kabati, au mfuko uliofungwa fundo, ambamo imewekwa mikanda ya video ya zamani. Juu ya kila mkanda pamebandikwa karatasi yenye maneno machache: harusi ya fulani, maulidi, mahafali, arobaini ya babu. Mwenye nyumba akihama, huhama nayo. Hana tena mashine ya kuionyesha, na pengine ameshasahau mengi yaliyomo, lakini kuitupa hawezi, kwa kuwa anajua kwamba ndani yake wamo watu, na wengi wao hawapo tena duniani.

Vijana wetu, wakiiona mikanda hiyo, huuliza maswali ya kiufundi. Ihamishiwe kwenye diski ya aina gani? Ichomwe kwa kasi gani? Saa ngapi zitiwe katika diski moja? Fundi wa dukani huyajibu kwa dakika mbili na kutaja bei. Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, na mwishoni nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kwa maoni yangu maswali hayo ni ya historia kabla ya kuwa ya ufundi. Anayechagua chombo cha kuhifadhia anaamua wajukuu watasikia nini na hawatasikia nini. Ni vyema basi tujue vyombo hivi vilitoka wapi na vimekuwa na tabia gani.

Picha za sinema za nyumbani hazikuanza na video. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya filamu ya upana wa milimita 16 kwa ajili ya watu wa kawaida. Mwaka 1932 ikatoa filamu ya milimita 8, na mwaka 1965 ile iliyoitwa Super 8, iliyokuja katika kasha lake ili mtu asihangaike kuipachika gizani. Kasha moja lilikuwa na futi 50 za filamu, nazo zilitosha dakika tatu na sekunde ishirini tu. Kwa hiyo mpiga picha wa enzi hizo alikuwa mchoyo wa filamu kama mpishi anavyokuwa mchoyo wa chumvi. Filamu hizo zilitengenezwa kwa asetati, ambayo haishiki moto kwa wepesi kama zile za kale za sinema, lakini ina ugonjwa wake: katika joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo la filamu ukasikia siki, ujue muda umebaki mfupi.

Katika mkoa wetu wa Tanga liko somo la zamani juu ya jambo hili, nalo halifundishwi shuleni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, ulioitwa kwa Kiingereza Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 za milimita 16, juu ya kilimo, afya, ushirika na mengineyo. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, nazo zikapigwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Ilikuwa fikra ya busara, lakini ilifanya kumbukumbu moja ikae katika vyombo viwili. Leo zilizobaki katika filamu hizo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Watu wa milima ile walioigiza na kusema ndani yake wamepotea pamoja nazo, na wengi wa wajukuu wao hawana habari kwamba babu zao waliwahi kupigwa sinema.

Video ilikuja kwa njia nyingine. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, na JVC wakatoa VHS mwaka 1976. Zikashindana, na VHS ikashinda. Kuanzia miaka ya 1980 zikapatikana kamera ambazo mtu mmoja aliweza kuzibeba begani na kurekodia moja kwa moja kwenye mkanda. Kwetu jambo hili lilitokea kinyume cha utaratibu wa nchi nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Hivyo katika miji mingi ya Bara deki ya video ilitangulia matangazo ya televisheni. Watu walikusanyika kutazama mikanda, na miongoni mwa mikanda hiyo ilikuwamo ya harusi na misiba yao wenyewe, iliyopigwa na ndugu waliorudi likizo kutoka Ughaibuni.

Ndivyo ulivyopatikana mkanda wa familia yetu. Mwaka 1989 mtoto wa mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alirudi kijijini kwetu, wilaya ya Muheza, akiwa na kamera ya VHS. Alipiga picha za kila kitu, hata mbuzi na kuku. Siku ya tatu mama yetu alimchukua hadi kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya shamba, akamwambia aiwashe kamera. Kisha akatembea kutoka kaburi hadi kaburi, akionyesha kwa kidole na kutaja: huyu ni nani, mtoto wa nani, alikufa mwaka wa njaa ipi. Mengi ya makaburi yale hayakuwa na maandishi, ila mawe tu na miti iliyopandwa. Mama alifariki mwaka 1993, Mungu amrehemu. Hakuna mwingine aliyeyajua yote.

Sasa tuje kwenye diski. Kampuni za Philips na Sony zilikubaliana juu ya CD, na ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982: kisahani cha plastiki cha sentimita 12, unene wake milimita 1.2, ambacho husomwa na mwanga wa leza badala ya sindano. CD ya muziki inayonunuliwa dukani hupigwa chapa kiwandani. Mashimo madogo mno hugandamizwa katika plastiki, kisha juu yake hupakwa aluminiamu ili mwanga urudi. Hakuna kinachochujuka humo. Ndiyo maana CD nyingi za miaka ya 1980 zinapiga mpaka leo.

Diski ya kurekodia nyumbani ni kitu kingine kabisa, ingawa kwa macho zinafanana kama pacha. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani iliitengeneza mwaka 1988, na kanuni zake zikatolewa mwaka 1990. Hii haina mashimo. Ina tabaka jembamba la rangi ya kemikali, na leza ya mashine huichoma rangi hiyo mahali fulani na kuiacha mahali pengine. Ndiyo maana tunasema kuchoma CD, na usemi huo ni sahihi kabisa. Lakini rangi ni rangi. Kitenge kikianikwa juani kila siku huchujuka, na rangi ya diski nayo hubadilika kwa mwanga, joto na miaka. Kwa hiyo neno moja, diski, limebeba vitu viwili tofauti, na watu wengi wamehukumu uimara wa kile cha pili kwa sifa za kile cha kwanza.

Rangi zilizotumika katika CD zilikuwa za aina tatu hasa. Ya kwanza ni saianini, iliyotumiwa na Taiyo Yuden wenyewe. Ya pili ni thalosaianini, iliyotoka kwa Mitsui, nayo ikasifiwa kwa kustahimili mwanga. Ya tatu ni azo, iliyotumiwa na Mitsubishi katika diski zenye jina la Verbatim, na iliyotambulika kwa ubuluu wake mzito. Nyuma ya rangi huwekwa madini ya kurudisha mwanga, kwa kawaida fedha, na katika diski za bei kubwa dhahabu. Fedha hurudisha mwanga vizuri lakini huweza kuliwa na hewa yenye salfa. Dhahabu hailiwi.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996. Mwaka 1997 Pioneer wakatoa DVD-R ya kurekodia, na mwaka 2002 kundi jingine la kampuni, Philips na Sony wakiwamo, likaleta DVD+R. Wanunuzi wakakuta dukani diski mbili zilizotofautiana kwa alama ya kutoa na alama ya kujumlisha. Ugomvi huo ulikuwa wa kibiashara zaidi kuliko wa kitaaluma. Zote mbili zilibeba gigabaiti 4.7, na baada ya miaka michache mashine nyingi zilisoma zote. DVD ina faida moja ya umbo: ni visahani viwili vya plastiki vilivyogundishwa, na rangi imekaa katikati. Katika CD rangi na madini viko juu, chini ya ngozi nyembamba ya vanishi. Mtu akiandika juu ya CD kwa kalamu ya ncha ngumu anaweza kuijeruhi kumbukumbu yenyewe, ilhali akidhani anaandika juu ya kifuniko.

Mwaka 2007 familia yetu ilichanga fedha, mkanda wa mama ukapelekwa studio moja mjini ukahamishiwe kwenye DVD. Zikatoka diski tatu: moja ya kaka mkubwa, moja ya dada, moja yangu. Mkanda wenyewe dada aliuomba, akaufunga katika kanga na kuuweka ndani ya sanduku. Tulimtania kwamba anatunza ganda la korosho iliyokwisha kuliwa. Yeye akajibu kuwa kilichoguswa na siku ile hakitupwi.

Mwaka 2015 ikaja habari ya kupanuliwa kwa barabara inayopita kando ya shamba. Makaburi yaliyokuwa karibu yalipaswa kuhamishwa, na kila ukoo ulitakiwa uonyeshe ya kwake na kutaja marehemu, ili wahamishwe kwa heshima na majina yaandikwe. Tulikuwa na siku chache. Kaka akaitoa diski yake, iliyokuwa kwenye rafu ya sebuleni karibu na dirisha. Mashine ikaizungusha, ikanguruma, ikaitema. Ya kwangu, niliyoipata kutoka studio ikiwa na karatasi ya rangi iliyogundishwa juu yake, ilifika dakika ya 20 na kuganda. Ya dada ilisoma yote. Lakini tulipofika makaburini katika picha, mama alitaja majina vizuri na kunyoosha kidole, na kidole kile kiliishia katika miraba ya rangi iliyotikisika. Mawe, miti na vichaka vilikuwa tope moja. Tulikuwa na majina kumi na moja tusiyojua ya kuyaweka wapi.

Nieleze kwanza kwa nini diski za kwetu zilikufa bila kuaga. Mwaka 1960 wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha njia ya kusahihisha makosa katika namba zinazopokelewa zikiwa na dosari. Njia yao ndiyo inayofanya kazi ndani ya CD na DVD. Pamoja na namba za picha huandikwa namba za ziada, na mashine ikikuta sehemu isiyosomeka huikokotoa kutokana na zile zilizosalia. Kwa mwalimu ni sawa na mwanafunzi ambaye kila anachokosa darasani huongezewa na jirani yake pembeni. Daftari lake ni safi mwaka mzima, na mwalimu haoni tatizo mpaka siku ya mtihani. Santuri ya zamani ilipochakaa ilikwaruza, ukasikia, ukaitafutia dawa. Diski hupiga safi leo, na kesho makosa yakizidi uwezo wa kusahihishwa, haipigi kabisa. Kwa hiyo mtu asiseme diski yake ni nzima kwa kuwa juzi ilipiga.

Kinachoziua kinajulikana. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD ulioandikwa na Fred Byers, na mengi ndani yake ni mambo ambayo bibi zetu wangeyakubali. Diski iwekwe gizani, mahali pa baridi na pakavu, isimame wima ndani ya kasha lake, ishikwe kwa kingo. Isibandikwe karatasi yenye gundi, maana gundi hukaza na kuivuta diski, na karatasi ikibanduka huweza kuondoka na ngozi ya juu. Iandikwe kwa kalamu laini ya wino wa maji. Hali yetu ya Pwani, yenye joto na unyevu, ni adui wa kila kitu katika orodha hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza juu ya ukungu uliokuwa umeila CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama kwetu. Kwa hiyo kabati la ndani ni bora kuliko rafu ya sebuleni, na sanduku la dada lilikuwa bora kuliko yote mawili.

Anayechagua diski hana budi kujua kwamba jina lililochapishwa juu ya boksi si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza. Kampuni moja hununua kwa wenzake na kubandika nembo yake. Ndani ya kila diski ya kurekodia yameandikwa maneno machache ya siri yanayomtaja mtengenezaji, na ziko programu za kompyuta zinazoyasoma. Zipo pia diski zisizotumia rangi ya kemikali hai. Kampuni ya Millenniata ya Marekani ilitoa aina iliyoiita M-DISC, ambayo tabaka lake la kurekodia ni la madini yanayofanana na mawe, nayo huhitaji mashine yenye leza yenye nguvu zaidi kuliandika. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2016, ingawa diski za jina hilo ziliendelea kutengenezwa na wengine. Diski ya mawe iliishi kuliko aliyeichonga.

Sasa vipimo. Hapa ndipo kidole cha mama kilipopotea, na hesabu yake ni ya darasa la saba. DVD ina gigabaiti 4.7, yaani megabiti 37,600. Ukiweka saa moja ya picha, kila sekunde inapata megabiti kama 10. Ukiweka saa mbili, inapata 5. Saa nne, 2.6. Saa sita, 1.7 tu. Mashine za kurekodia ziliyapa madaraja hayo majina ya XP, SP, LP na EP, na mtu akaona ni ujanja kuchagua lile linalobeba saa nyingi kwa diski moja. Lakini picha isiyobanwa ya mfumo wetu wa PAL, yenye nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kila sekunde, ni megabiti takriban 166 kwa sekunde. Hata katika daraja la juu mashine inatupa karibu kumi na tano katika kila sehemu kumi na sita. Katika saa sita inatupa karibu sehemu tisini na tisa katika mia. Huanza kutupa yale inayodhani jicho halitayaona: majani yanayotikisika, mchanga, mawe madogo, kidole kinachosogea. Studio ile ilikuwa imejaza mikanda mitatu ya wateja wake kwenye kila diski, kila mkanda wa saa mbili, ili kuokoa bei ya diski mbili.

Kanuni yangu basi ni fupi. Kwa kumbukumbu, saa moja kwa diski moja. Zikizidi sana, mbili. Sauti isibanwe pale nafasi inaporuhusu, maana sauti kamili huchukua megabiti moja na nusu tu kwa sekunde, na mara nyingi sauti ndiyo urithi wenyewe. Mkanda wa PAL ubaki PAL, na mkanda wa NTSC uliotumwa na ndugu wa Marekani ubaki NTSC, kwa sababu kugeuza mistari 525 kuwa 625 ni kukisia. Kasi ya kuchoma isiwe ya juu kabisa: diski ya kasi ya 16 ichomwe kwa 8. Wala isishushwe mno, maana rangi ya diski za kasi haikuundwa kwa moto wa polepole. Diski ifungwe rasmi baada ya kuchomwa, la sivyo mashine nyingine haitaisoma. Kisha ilinganishwe na asili yake na kompyuta, neno kwa neno, kabla haijaingia kabatini. Na anayeweza aweke pia nakala isiyobanwa sana katika diski kuu ya kompyuta. Picha za aina ya DV, zilizotumiwa na kamera za mikanda midogo tangu mwaka 1995, huchukua gigabaiti kama 13 kwa saa. DVD moja inabeba dakika 21 tu za ubora huo, na hiyo yenyewe yaonyesha DVD ni nakala ya kutazamia zaidi kuliko nakala ya kuhifadhia.

Sisi tuliokolewa na kanga. Dada alifungua sanduku, akautoa mkanda. Ulikuwa na ukungu mweupe pembeni. Fundi mzee wa redio aliufungua, akausafisha taratibu kwa siku mbili, na deki tukaazima kwa jirani ambaye mkewe alikuwa akiweka juu yake chungu cha maua. Mkanda wa VHS haukuwahi kuwa na picha kali. Lakini kidole kilionekana. Kila kidole kilipotulia tuliisimamisha picha, tukachora ramani kwenye karatasi: mwembe, jiwe bapa, jiwe lililolala, shimo la mchwa. Kesho yake tukaenda shambani na karatasi ile, na makaburi kumi na moja yakapata wenyewe.

Naogopa msomaji asije akahitimisha kwamba mkanda ni bora kuliko diski. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana cha deki za VHS, cha kampuni ya Funai ya Japani, kilisimamisha kazi Julai 2016. Ukungu ungekula miaka mitano zaidi, tusingepata kitu. Na diski nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Taiyo Yuden, waanzilishi, waliacha kutengeneza mwaka 2015. Mitsubishi waliuza biashara ya Verbatim mwaka 2019. Panasonic waliacha diski za Blu-ray za kurekodia mwaka 2023, na Sony wakaacha za kwao Februari 2025. Kompyuta mpya nyingi hazina hata mdomo wa kumezea diski. Diski inaweza kudumu miaka mia, lakini itasomwa na nini?

Waingereza walionja jambo hili mapema. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wao, William, nchi iliandikwa, kijiji kwa kijiji, na kitabu hicho, Domesday Book, kipo na kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC lilikusanya habari na picha za nchi nzima, kwa msaada wa watoto na walimu wa maelfu ya shule, na kuzihifadhi kwenye diski kubwa za leza. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na mwaka 2002 wataalamu walilazimika kufanya kazi maalumu ya kuziokoa. Ngozi ya kondoo ilikuwa imevuka miaka mia tisa. Diski ilihitaji kuvushwa baada ya kumi na sita.

Lakini jibu si kurudi kwenye ngozi. Tazama tenzi zetu wenyewe. Karatasi za Lamu na Pate zililiwa na mchwa na chumvi ya bahari kama kila kitu cha Pwani. Zilizotufikia, aghalabu zilitufikia kwa sababu mtu alikaa chini akazinakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na nakala zake zimo leo katika maktaba za Ulaya. Hakutafuta karatasi isiyokufa. Alijua karatasi itakufa, akaandika nyingine. Uhifadhi ni kazi inayorudiwa na kila kizazi, kama kupalilia. Hakuna diski, hata ya dhahabu, inayoweza kumpunguzia mtu kazi hiyo.

Kwa hiyo nawaambia wanangu hivi. Nakala ziwe tatu, zisiwe za chombo cha aina moja, na moja ikae katika nyumba nyingine, kwa sababu moto na mafuriko havichagui. Kila baada ya miaka mitano zifunguliwe zote na kutazamwa, na kinachoanza kuchoka kinakiliwe upya kwenye chombo kinachotumika wakati huo. Mkanda wa asili usitupwe.

Na pamoja na kila nakala kiwepo karatasi, iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka: nani yuko kwenye picha, mtoto wa nani, mahali gani, mwaka gani. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na halihitaji fedha wala fundi. Mkanda wetu una saa mbili. Dakika za makaburini ni kumi na nne tu. Katika muda uliobaki wanapita watu zaidi ya hamsini wakicheka, wakipika, wakipepeta mchele, na mpaka leo, baada ya kukaa na dada jioni nyingi, tumewatambua thelathini na wanane. Wako wazee wawili Muheza ambao pengine wanawajua wengine. Mmoja wao ana miaka tisini na moja. Mwezi ujao tunampelekea kompyuta na daftari.